Kushona kijitabu cha kurasa 32 kwa matundu matano

Pini za stepla hushika kutu, pwani ndiyo usiseme, na kutu hula karatasi mpaka kurasa za katikati zinabanduka. Uzi hauna shida hiyo.

Tafuta karatasi 8 za A4 za gramu 80, manila moja ya A4 ya jalada, sindano ya mkono, shazia jembamba la kutobolea, rula, kisu cha karatasi, vibanio viwili vya nguo na uzi wa pamba sm 65. Uzi upitishe kwenye mshumaa mara mbili ili usijisokote. Nailoni achana nayo: inateleza na fundo hufunguka.

Kunja karatasi mojamoja, kila mkunjo uukandamize kwa mgongo wa kijiko. Ukizikunja zote pamoja, za ndani hupinda tu. Manila ichore kwanza kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, la sivyo itapasuka kwenye mkunjo.

Zipachike moja ndani ya nyingine, jalada nje, zilinganishe upande wa juu, kisha bana. Fungua katikati, tia alama kwenye mkunjo sm 2.5, 6.5, 10.5, 14.5 na 18.5 kutoka juu. Toboa ukianzia ndani. Tundu likihama mkunjo hata milimita moja, mshono utaonekana umepinda nje.

Yaite matundu 1 hadi 5. Anza ndani: toka 3, ukiacha mkia wa sm 10. Ingia 4, toka 5, rudi ndani kwa 4. Sasa ruka 3, toka 2, ingia 1, toka 2, malizia kwa kuingia 3. Kwenye tundu lenye uzi tayari, angalia sindano isiutoboe. Ukitobolewa, hautavutika tena.

Kaza kwa kuvuta sambamba na mgongo. Ukivuta kuelekea juu, uzi unakata karatasi kama msumeno.

Mikia miwili ikae pande mbili za uzi mrefu uliopita juu ya tundu 3. Ikiwa upande mmoja, fundo halitaubana na mshono utalegea. Funga kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia, ubakize sm 1.

Kurasa za ndani zitakuwa zimechomoza kidogo mbele. Weka rula ya chuma, kata milimita 3 kwa kupitisha kisu polepole mara nyingi. Ukilazimisha mara moja, karatasi za chini husogea.