Mgeni Siku Mbili: Kupokea Kundi la Misheni Bagamoyo

Kundi la misheni likitoka Marekani au Ujerumani, picha ya Bagamoyo watakayorudi nayo hujengeka ndani ya siku tatu za kwanza. Wahenga walishatupangia ratiba: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kamati nyingi za mapokezi huipindua. Siku ya kwanza jembe, ya pili risala na hotuba, ya tatu mgeni yuko kitandani anaumwa tumbo.

Anzeni na karatasi. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kujitolea. Katibu aende Uhamiaji mapema akiwa na barua ya mwaliko, majina na maelezo ya kazi, aulize kibali kinachofaa. Masika, Machi hadi Mei, iepukeni. Waambieni pia kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo zawadi wazifunge kwa karatasi au kitambaa. Dawa za kuzuia malaria waanze kuzimeza wakiwa kwao, kama daktari wao atakavyoelekeza.

Siku ya kwanza ni ya kulala na kunywa maji. Anayetoka New York ana tofauti ya saa 7 au 8 na sisi, na mwili wake utakuwa macho usiku wa manane. Kwaya isimngoje uwanja wa ndege. Mpeni chumba, ndoo ya maji ya kuoga, na chandarua kilichokaguliwa mchana kwenye mwanga, maana tundu dogo usiku halionekani. Mwonyesheni namna ya kukichomeka chini ya godoro pande zote nne. Mwambieni kabisa kwamba kabla ya mapambazuko atasikia adhana, asije akashtuka.

Maji ya kunywa pigeni hesabu ya lita 3 kwa mtu kwa siku. Wageni 12 ni lita 36, yaani karibu ndoo mbili za lita 20. Yachemsheni mpaka yatokote dakika moja kamili, yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yaingie kwenye ndoo yenye koki. Matumbo mara nyingi huharibika kwa kitu kilichosahaulika: jagi lililosuuzwa kwa maji ya bomba, kachumbari, barafu ya juisi. Chakula cha kwanza kiwe wali wa tui jepesi, samaki wa kukaanga aliyetoka motoni, mchicha, na ndizi anayoimenya mwenyewe. Tumbo likivurugika, changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo apime mtu mmoja.

Ratiba iandikeni kwa saa zote mbili: saa 2 asubuhi yetu, 8:00 yao. Bila hivyo, mkisema saa tatu, mwingine ataandika 3:00 na kungoja alasiri.

Siku ya pili wageni waonane na watu kwanza. Asubuhi wapelekeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wasaini kitabu cha wageni. Majirani wengi hapa ni Waislamu, na wageni waje wakijua kuvaa na kusalimia. Doti moja ya khanga ina vipande viwili, inawatosha akina mama wawili kujifunga kiunoni. Mafunzo ya salamu yachukue nusu saa, msiyaruke. Mtoto akisema shikamoo, mgeni akapita kimya, yule mtoto hubaki amesimama, uso umeinuka, anangoja marahaba yake. Neno moja tu, na mtaa mzima unasikia kama limejibiwa. Mwezi wa Ramadhani wasile wala kunywa njiani mchana.

Jioni jua likipoa, watembezeni misheni ya zamani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua kituo hapa mwaka 1868, wakajenga kijiji cha waliokombolewa utumwani. Mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa katika mnara wa kanisa la misheni hiyo Februari 1874, baada ya kubebwa kutoka Zambia ya leo na watumishi wake Waafrika, kina Chuma, Susi na wenzao. Simulieni hapohapo chini ya mnara, taratibu. Mgeni anayefika akidhani amekuja kuanzisha kanisa anaona kwamba amelikuta, lina zaidi ya miaka 150, na kwamba mwili wa mmisionari maarufu ulifikishwa pwani na Waafrika.

Ibadani mkumbuke mkalimani. Mahubiri ya dakika 20 yatakuwa 40. Apewe maandishi usiku wa kuamkia, na mhubiri akate sentensi fupi, aache vichekesho vya kwao. Wageni waketi katikati ya watu, si meza kuu.

Pipi na fedha zisigawiwe mtaani hata kidogo. Wadogo husukumana, wakubwa hubaki na zote, na kesho yake kila mgeni anaitwa kwa mkono ulionyooshwa. Zawadi zipitie kwa mwalimu au kamati. Ahadi ya kumsomesha mtoto isitolewe mbele ya mtoto.

Siku ya tatu, jembe. Kazi ianze saa 1 asubuhi na kukoma saa 4 kabla jua halijachoma. Kila fundi apewe wageni wawili, na fundi ndiye bosi. Wakijenga ukuta, udongo wa kujengea uwe ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 5 za mchanga. Mchanga wa ufukweni usitumike hata kama uko karibu, kwa sababu chumvi yake hula nondo na kutoa madoa meupe ukutani. Kibarua aliyekuwa na kazi hiyo asifukuzwe kumpisha mgeni, mlipeni, afundishe.

Usiku huo kaeni wote kwenye mkeka. Kila mgeni aseme jambo moja aliloliona na namna alivyolielewa, katibu aandike. Mmoja atasema watu hapa hawana haraka, mwingine atasema aliona watoto wasio na viatu akawahurumia, kumbe waliviacha mlangoni. Sahihisheni hapohapo, kwa upole, kabla hajaandika barua kwa kanisa lake.