Alteneta Imechoka: Ifunguliwe au Inunuliwe Nyingine?

Taa ya betri ikiwaka kwenye dashibodi, usikimbilie duka la spea kununua alteneta, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka. Pima kwanza kwa mita ya umeme. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa husoma kama volti 12.6. Washa gari, taa kubwa na feni, kanyaga mafuta kidogo. Mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, gari halichaji. Ikipita 15, katauti (kidhibiti cha volti za alteneta) imekufa, na betri itachemka.

Kama halichaji, kagua mkanda usiwe umelegea. Halafu, injini na taa zikiwa zinawaka, gusa nati ya B+ (panapofungwa waya mnene unaokwenda chanya ya betri) nyuma ya alteneta kwa ncha moja ya mita na chanya ya betri kwa nyingine. Tofauti ikizidi volti 0.3, tatizo ni waya au kutu kwenye viungo vyake.

Tafadhali, usimruhusu fundi achomoe terminali ya betri injini ikiunguruma ili “aone kama gari litazima”. Umeme hupanda ghafla na unaweza kuunguza dayodi (vijipande ndani ya alteneta vinavyopitisha umeme upande mmoja) na hata kompyuta ya gari. Alteneta iliyohitaji kubadilishwa kaboni tu (vipande vinavyosugua pete na kupitisha umeme) huharibika kabisa namna hiyo.

Kabla ya kuifungua, toa hasi ya betri, kwa sababu B+ ina umeme muda wote. Kaboni mpya huchomoza kama milimita 10. Zikibaki chini ya 5, badilisha. Tazama na pete za shaba zinapopita kaboni. Zikiwa na weusi, zisugue kwa msasa laini. Zikiwa na mfereji unaoshika ukucha, kaboni mpya zitaliwa upesi. Kwenye alteneta nyingi za Toyota zilizotengenezwa na Denso, pete hiyo ina kipenyo cha milimita 14 na ushee. Ikishuka chini ya 12.8, rota (sehemu inayozunguka, yenye pete hizo) imekwisha.

Zungusha rota kwa mkono. Ikikwaruza, badilisha beringi zote mbili, ya mbele na ya nyuma, maana kazi ya kufungua ni ileile. Dayodi nzima hupitisha umeme upande mmoja tu. Inayopitisha pande zote huweza kunyonya betri usiku. Asubuhi, kabla hujawasha gari, alteneta unaikuta ina uvuguvugu.

Kaboni, beringi, katauti na dayodi: tengeneza. Koili (waya za shaba zilizosukwa ndani) zikiwa nyeusi na zinanuka vanishi iliyoungua, nunua nyingine. Kusuka upya hufaa tu fundi akirudisha unene uleule wa waya na idadi ileile ya mizunguko. Akipunguza, alteneta huchaji hafifu au huchemka.

Ukinunua iliyotumika, linganisha ampea, mifereji ya puli na pini za soketi, na ukague kaboni zake kabla ya kuifunga. Betri iliyokufa ijaze kwa chaja kwanza, usiitwishe alteneta mzigo huo siku ya kwanza.