Ukienda Unguja usiishie Mji Mkongwe, vuka barabara uingie Ng'ambo

Watu wengi wakishuka boti pale Malindi wanapita Forodhani, wanapiga picha Ngome Kongwe, wananunua viungo, siku mbili zimeisha wanarudi Dar wanasema wameiona Zanzibar. Jamani mmeona upande mmoja tu!! Mji Mkongwe ni mzuri, sikatai, na UNESCO wameuweka kwenye urithi wa dunia tangu 2000, lakini watu wa mji wenyewe wengi wanaishi ng'ambo ya pili na huko ndo kuna maisha.

Anzia soko la Darajani, lile jengo la 1904, nenda asubuhi mapema samaki wakiwa wabichi na mnada umechangamka. Hapo zamani kulikua na mkono wa bahari na daraja la kuvukia, ndo maana panaitwa Darajani na upande wa pili ukaitwa Ng'ambo, baadae maji yakafukiwa na sasa ni barabara tu, unavuka kwa miguu dakika moja. Ukivuka hapo hata papasi, wale vijana wanaowakimbilia wageni kutaka kuwatembeza, wanapungua kukufata fata, unatembea kwa amani.

Nyoosha mpaka Michenzani. Yale maghorofa marefuuu yamejengwa baada ya mapinduzi enzi za Mzee Karume, usiyapite kwa gari, tembea chini yake taratibu maana kuna maduka, mafundi cherehani, watoto wanacheza mpira. Kaburi la Mzee Karume lipo Kisiwandui hapo hapo jirani. Halafu Raha Leo, redioni pale ndo mapinduzi yalitangazwa Januari 1964, na mtaa huo huo aliwahi kuishi Bi Kidude, yule mwimbaji maarufu wa taarab aliyefariki 2013. Kama unapenda taarab elewa kwamba ilitoka kwenye majumba ya masultani ikaja kuwa ya watu kwa sababu ya mitaa hii, Siti binti Saad alizaliwa Fumba, alikua anauza vyungu, akaja kurekodi santuri Bombay 1928 na akaimba Kiswahili. Mi nikipita huku huwa namkumbuka sana yule mama.

Kula sasa. Tafuta urojo wa mtaani jioni, sio ule wa mahotelini, angalia wenyeji wamejaa wapi ukae hapo. Mwambie akuwekee bajia, kachori, mbatata, chipsi za muhogo na chatne, pilipili onja kwanza ndo uongeze. Baada ya magharibi sogea barazani penye kahawa, toa salamu kabla hujakaa, wazee waambie shikamoo, chukua kikombe na kashata usikilize watu wanavyobishana mpira na siasa. Usianze wewe maswali ya siasa, sikiliza tu, wakikuzoea wenyewe watakuuliza umetoka wapi na hapo ndo utapata stori ambazo hakuna muongoza watalii atakupa.

Mambo ya kuzingatia: vaa nguo ya kusitiri mabega na magoti, huku ni majumbani kwa watu. Picha omba kwanza, hasa kina mama, akikataa basi. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana, subiri futari, na ukiwa na bahati utakaribishwa, ukikaribishwa usikatae.

Ukibaki na nusu siku panda daladala ya 502 ya Bububu, mwambie konda akushushe Maruhubi uone magofu ya kasri la Sultani Barghash lililoungua 1899, ukimaliza sogea mbele Mtoni alipozaliwa Bibi Salme, binti wa Sultani Said, 1844. Kaa dirishani upande wa kushoto ukitokea mjini, bahari utaiona. Na beba hela ndogo ndogo, konda hapendi noti kubwa asubuhi.