Kupiga bildi penye mlipuko wa kale: hatua za kupima sakafu ya bahari ya Santorini

Wapimaji wengi wakifika Santorini, Ugiriki, hukimbilia kaldera, lile shimo kubwa lililojaa maji katikati ya visiwa. Mimi huanzia nje. Mlipuko wa takriban mwaka 1600 KK ulimwaga sehemu kubwa ya majivu na mawe yake baharini, na ushahidi umelala chini ya tope mbali na kisiwa. Ndani ya kaldera volkano imeendelea kujifunika yenyewe kwa zaha. Nea Kameni, kisiwa kidogo cha volkano katikati ya kaldera, ililipuka mara ya mwisho mwaka 1950.

Hatua ya 1: Kabla ya kung'oa nanga

Pakua ramani za bure za kina cha bahari. Gridi ya GEBCO, ya dunia nzima, ina vyumba vya takriban mita 450, ya EMODnet, ya bahari za Ulaya, takriban mita 115. Zinatosha kupanga safari, hazitoshi kufanyia hitimisho. Omba kibali mapema, kikiwemo cha mamlaka ya mambo ya kale ya chini ya maji: wewe unatafuta majivu, lakini kamera yako inaweza kupita juu ya jahazi la miaka elfu mbili. Julai na Agosti ziepuke, maana upepo wa kaskazini uitwao meltemi hauna huruma na vyombo vidogo.

Hatua ya 2: Pima maji kwanza, sakafu baadaye

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Manahodha wetu walishusha bildi, kile kizito cha kupimia kina, wakahesabu pima za kamba, basi. Sona ya miale mingi haina kamba. Hutoa mlio, husubiri mwangwi, kisha hugeuza muda kuwa kina. Sauti husafiri baharini karibu mita 1,500 kwa sekunde, ila kasi hiyo hubadilika kufuata joto, chumvi na kina. Kiangazi maji ya juu ya Aegean, bahari inayozunguka Santorini, hupata moto na ya chini hubaki baridi, kwa hiyo miale ya pembeni hupinda njiani.

Shusha kipimo cha kasi ya sauti hadi karibu na sakafu asubuhi, halafu rudia kila baada ya saa chache na kila unapohamia eneo jipya. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilipima asubuhi tu. Jioni sakafu tambarare ilitokea kwenye skrini imekunja kingo kama chapati iliyosahauliwa jikoni, na siku nzima ya mafuta ikaenda bure.

Hatua ya 3: Kata mistari

Endesha chombo sambamba na mteremko, usipande na kushuka. Ukanda unaopimwa hupanuka kadiri kina kinavyoongezeka, hivyo karibu na pwani sogeza mistari ikaribiane. Acha kila ukanda upande kidogo juu ya jirani yake. Mwishoni kata mistari michache ya kukingama. Vina visipokubaliana kwenye makutano, rudi hatua ya 2.

Rekodi pia mwangwi wa majini, si wa sakafu peke yake. Kolumbo, volkano ya chini ya bahari kilomita 7 kaskazini-mashariki, ililipuka mwaka 1650 na kuua watu wapatao 70 Santorini. Hadi leo inatoa gesi, na viputo vyake huonekana kwenye sona kama moshi unaopanda.

Hatua ya 4: Tazama chini ya tope

Mlio wa sona huishia juu ya sakafu. Ili kuona matabaka unahitaji chanzo cha sauti nzito na mkia wa vipokezi unaokokotwa nyuma ya chombo. Kazi ya namna hii mwaka 2006 ilionyesha matabaka ya mita 10 hadi 80 yakienea kilomita 20 hadi 30 kuzunguka kisiwa, na ujazo wa mlipuko ukakadiriwa kilomita za ujazo 60 za magma. Utafiti uliochapishwa 2023, ukitumia picha bora za mtetemo pamoja na sampuli za tope, uliushusha hadi takriban 34.5.

Mwangwi unakuambia tabaka lipo. Haukuambii ni la mlipuko upi, na eneo hili limelipuka mara nyingi: meli ya JOIDES Resolution, iliyochimba huko kati ya Desemba 2022 na Februari 2023, ilikuta tabaka nene la pumisi, lile jiwe jepesi la kusugulia miguu, la miaka kama 520,000 iliyopita.

Hatua ya 5: Toa tope

Chagua mahali ambapo tabaka linakaribia juu, udondoshe bomba zito lijichimbie lenyewe. Epuka miteremko mikali. Tope la huko limeshaporomoka na kuchanganyika. Maabara italinganisha kemia ya vipande vya kioo vya majivu yako na ya majivu ya nchi kavu kisiwani, na hapo ndipo tabaka hupata jina.

Hifadhi mabomba kwenye baridi, karibu nyuzi 4 za Selsiasi. Na andika JUU kwenye ncha ya juu kabla bomba halijalazwa sitahani.