Kufuga mbuzi kwa kilimo hai: banda na malisho kwanza, dawa baadae

Watu wengi wakiskia kufuga kwa kilimo hai, yaani bila kutegemea kemikali za viwandani, wanajua ni kumwacha mbuzi bila dawa alafu akiumwa unamkamulia mwarobaini, hapana, sio hivyo. Kazi yenyewe ni kuzuia mbuzi asikutane na ugonjwa, na huku kwetu kinachomaliza mbuzi kimya kimya ni minyoo.

Banda linyanyue kama mita moja kutoka chini, sakafu ya mbao au mianzi iliyoachana sentimita moja na nusu hivi, kinyesi kipite ila kwato isizame, usiongeze nafasi eti unaokoa mbao maana vitoto vitavunjika miguu. Mbuzi mkubwa mmoja mhesabie mita moja na nusu ya mraba. Paa hata la nyasi poa tu, lisivuje. Samadi ya uvunguni zoa kila wiki, ioze shimoni ndo iende shamba.

Malisho sasa, hapa ndo penyewe. Mayai ya minyoo yanatoka na kinyesi, yanaanguliwa, vile viminyoo vinapanda kwenye nyasi kukiwa na umande na vingi vinakaa chini chini, sentimita tano mpaka kumi za mwanzo. Kwahiyo ukifungulia mbuzi alfajiri wakale nyasi fupi mbichi za umande ujue umewalisha minyoo mwenyewe, subiri jua likaushe, saa nne hivi ndo watoke. Eneo lako ligawe vipande, kila kipande wakae siku nne tano wahame, wasirudi mpaka mwezi upite, miwili ikiwezekana. Mwenye ng'ombe ana bahati, apitishe ng'ombe pale walipotoka mbuzi, minyoo mingi ya mbuzi haimpati ng'ombe.

Alafu mbuzi kiasili ni mla majani ya juu, sio nyasi. Panda miti ya malisho kama lusina, glirisidia na mforosadi mipakani mwa shamba, kata matawi ning'iniza bandani. Lusina isizidi theluthi ya chakula maana ikizidi inawadhuru, majani ya muhogo anika kwanza, mabichi yana sumu. Pumba nazo ziwe za mazao ya kilimo hai, sio ulishe majani safi alafu pumba za shamba lililopigwa dawa. Maji na jiwe la chumvi visikosekane.

Kila wiki mbili shika mbuzi mmoja mmoja, vuta kope ya chini uangalie rangi ya ndani. Nyekundu, mwache. Imepauka inaelekea nyeupe, huyo mara nyingi ana minyoo inayonyonya damu, mtibu huyo huyo, na ndio, hata kwa dawa ya dukani. Viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vya 2007, vile vya alama ya Kilimohai inayobandikwa kwenye bidhaa, havitaki mnyama ateseke, kisichotakiwa ni kunywesha dawa kundi zima kwa ratiba kila miezi mitatu awe anaumwa asiumwe, tena hapo ndo minyoo inazoea dawa. Ukitibu andika tarehe, na zile siku za kusubiri kabla ya kutumia maziwa na nyama, zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, zizidishe mara mbili. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na homa ya mapafu wala usibishane nayo, muite mtu wa mifugo achanje.

Beberu mbadilishe kabla hajapanda binti zake. Mimba ni miezi mitano, hesabu vizuri vitoto vizaliwe majani yakiwepo, na vinyonye maziwa ya kwanza masaa yale yale ya mwanzo.

Ukitaka kuuza kwa alama ya Kilimohai ingia kwenye kikundi, mnakaguana wenyewe kwa wenyewe, maana peke yako gharama za mkaguzi utazikimbia. Tanzania wanaosimamia haya mambo ni TOAM, Kenya ni KOAN, yaani mashirika ya kilimo hai ya nchi hizo, waulize wao kabla hujaanza kubandika alama kwenye chupa za maziwa.