Kusimamia grupu la WhatsApp la mtaa, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepewa uadmini wa grupu la mtaa, la wazazi wa shule au la wafanyabiashara wa soko, na sasa grupu limekua mpaka huwafahamu tena wote waliomo. WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024 kwenye grupu moja. Ujumbe wake umesimbwa kuanzia simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, hivyo hata kampuni yenyewe haiusomi njiani. Hakuna mtu huko juu anayechuja kinachotumwa. Mchujaji ni wewe na wenzako, basi, na ndiyo maana maandalizi yote yafanyike kabla ya ugomvi wa kwanza.

Hatua ya 1: Andika kanuni zinazotaja kitendo

"Tuheshimiane" haimsaidii admini, kwa sababu hata anayetukana anaamini ana heshima zake. Taja kitendo, ili anayesoma ajue kabisa amevuka au hajavuka. Kwa grupu la mtaa mimi huanza na hizi:

- Matangazo ya biashara ni Jumamosi tu, na bei iandikwe.
- Hakuna picha ya maiti, majeruhi wa ajali wala mtu aliye uchi.
- Hakuna picha ya mtu anayetuhumiwa kwa kosa lolote.
- Picha ya mtoto itumwe na mzazi wake, au kwa ruhusa yake.
- Namba ya kuchangia msiba au matibabu inatumwa na mweka hazina peke yake.
- Siasa za vyama zina magrupu yake.

Hiyo ya mweka hazina msiifute hata mkiiona ndogo. Tapeli akishateka akaunti ya jirani yenu, kitu cha kwanza anachofanya ni kuomba hela kwa jina la jirani huyo, na watu hutuma kwa sababu ya huruma.

Weka kanuni kwenye maelezo ya grupu, kisha bandika ujumbe wake juu ya mazungumzo. Kubandika hudumu hadi siku 30, kwa hiyo kila mwezi admini mmoja aurudishe.

Hatua ya 2: Rekebisha ruhusa

Gusa jina la grupu juu kabisa, shuka hadi kwenye ruhusa. Kubadilisha maelezo na kuongeza watu viwe vya maadmini tu. Washa kipengele cha kuidhinisha wanaoomba kuingia. Ruhusa ya kutuma ujumbe iache wazi kwa wote, ila ujue ilipo: maneno yakichemka saa tano usiku, ibane iwe ya maadmini tu, watu walale, ufungue asubuhi. Linki ya grupu ikionekana mahali isipotakiwa, iweke upya. Ya zamani inakufa papo hapo.

Waombe pia wanagrupu wazime picha kujihifadhi zenyewe kwenye galari. Utaona umuhimu wake hatua ya 5.

Hatua ya 3: Chagua maadmini wasiopungua watatu

Wachague kwa saa wanazokuwa macho. Mlinzi au muuguzi wa zamu ya usiku anafaa kuliko mtu maarufu anayefungua simu mara moja kwa siku.

Awepo mwanamke, na hili nalisisitiza. Namba za wote zinaonekana kwenye grupu, na wapo wanaume wanaozichukua na kuanza kuwasumbua akina dada inbox. Dada mwenye malalamiko hayo mara nyingi hatayapeleka kwa mwanamume, atatoka kimyakimya, na akitoka kimyakimya wanaoarifiwa ni maadmini tu. Admini mwanamke amwulize kwa upole kilichomtoa. Msumbufu akithibitika kwa skrinishoti, aondolewe bila onyo.

Hatua ya 4: Utaratibu mmoja kwa wote

Kosa la kwanza: futa ujumbe, kisha mwandikie mhusika inbox ukitaja kanuni. La pili: onyo ndani ya grupu. La tatu: anatoka kwa mwezi mmoja. Utaratibu huo umguse na mwenyekiti wa mtaa, kwa heshima zote: "Shikamoo mwenyekiti, nimeondoa lile tangazo, leo si Jumamosi." Siku mtakapompitishia mkubwa, mdogo hatawasikiliza tena.

Hatua ya 5: Picha ya "mwizi huyu"

Hapa usisubiri kikao. Pikipiki imeibwa, mtu anatuma picha ya kijana na maneno "mwizi huyu, akionekana tumalizane naye". Kijana huyo anaweza kuwa amefanana tu na mwizi, au anadaiwa na aliyetuma. Wananchi wenye hasira kali hawaulizi. Futa kwanza, ujadili baadaye, halafu andika hivi:

"Nimeondoa picha. Mwenye taarifa za pikipiki apige 112 au amwone polisi kata. Aliyeihifadhi picha aifute, asiifowadi."

Sentensi ya mwisho ni ya lazima. Kufuta kunaiondoa picha kwenye mazungumzo, lakini iliyokwisha kuingia galari ya mtu inaweza kubaki. Kisha mpigie simu aliyeituma, usimwandikie. Ameibiwa, ana uchungu, anahitaji kusikilizwa na mtu.

Hatua ya 6: Zilizofowadiwa

Ujumbe wenye mishale miwili umepita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 WhatsApp inauruhusu kwenda kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Ukiuona, uliza mambo mawili: umetoka wapi, na ni wa lini? Tangazo la mtoto aliyepotea lisilo na tarehe huzunguka miaka baada ya mtoto kupatikana. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inagusa taarifa za uongo zilizotumwa kwa nia ya kupotosha, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Wakumbusheni watu bila kuwatisha.

Hatua ya 7: Unyanyasaji wa watoto

Picha au video ya mtoto akinyanyaswa usiitume popote, hata kwa admini mwenzako, hata ukiita ushahidi. Andika pembeni namba ya mtumaji na saa. Ripoti ndani ya WhatsApp kabla ya kufuta, aliyeripotiwa haambiwi. Halafu futa, mwondoe mtumaji, na piga 116, simu ya huduma kwa watoto, au nenda polisi siku hiyohiyo.