Mestini ya jeshi uliyoichimbua: jinsi ya kujua ni ya lini

Juzi mpwa wangu alifika kwangu Nakuru na mestini aliyoichimbua Gilgil, lile bakuli la askari la mstatili lenye mkono wa kukunja. Alikuwa ameshashika brashi ya waya. Nikamnyang'anya.

Hatua ya 1: Ruhusa. Ya mwenye shamba, kabla ya kuchimba. Ukikuta risasi au guruneti, usiguse. Ondoka, ita polisi.

Hatua ya 2: Sumaku. Ya spika mbovu yatosha. Ikinasa ni chuma kilichopakwa bati, isiponasa ni alumini.

Hatua ya 3: Kusafisha na kusoma muhuri, yaani herufi na namba zilizogongwa kwenye bati lenyewe. Ya kwangu ya kwanza niliisugua kwa majivu na steelwire hadi ikang'aa kama sufuria ya harusi. Muhuri nao ukaenda na maji ya kuoshea. Kwa hiyo: loweka usiku kucha kwenye maji matupu, kisha mswaki mkuukuu na sabuni ya kipande. Basi. Magadi yanakula alumini, yaache kwenye mboga.

Usisome mchana. Ngoja giza liingie, laza tochi ubavuni mwa bati ili mwanga utambae juu yake, halafu zungusha polepole. Herufi isiyoonekana ukitazama moja kwa moja hujitokeza kwa kivuli chake. Anza na mkono na pale ulipofungiwa, kitako baadaye. Ukikwama, weka karatasi nyembamba juu na usugue kwa penseli iliyolazwa. Wengine huvuta picha kwenye simu hadi waone wanachotaka kuona. Mimi naamini karatasi.

Na si kila namba ni mwaka. Zilizokwaruzwa kwa msumari ni za askari mwenyewe. Ukiambiwa mkanda au mfuko wa turubai ni "wa 37", hilo ni jina la muundo ulioanza 1937. Mkanda wenyewe unaweza kuwa wa 1943.

Hatua ya 4: Mshale. Mshale mtupu kwenye muhuri ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na ulitumika muda mrefu mno kukupa mwaka. Ukiwa ndani ya C ni Kanada. Katikati ya D mbili, Australia. Ndani ya U, Afrika Kusini.

Ya mpwa wangu ilikuwa na U. Inaingia akilini: wanajeshi wa Afrika Kusini walikuja Kenya 1940 na kupiga kambi Gilgil kabla ya kwenda kaskazini kupigana na Waitalia. Mwaka tulipata 194, tarakimu ya mwisho imeliwa na kutu.

Lakini mwaka wa muhuri ni wa kutengenezwa, si wa kutupwa. Kijana alikuwa ameshaanza kusimulia vita. Nyanya yake akaichukua, akaigeuza, akasema kwao walikuwa nazo mbili, za kupimia mahindi.